VVU Katika Ndoa: Mambo ya Kimaumbile Yanayoongeza au Kupunguza Maambukizi

Katika huduma zetu za kichungaji tunakutana na wanandoa waliopima pamoja, wakakuta mmoja ana Virusi Vya UKIMWI (VVU) na mwingine hana. Wapo wanaoliona jibu hilo kuwa muujiza, na wapo wanaolichukua kuwa ushahidi wa uzinzi. Jibu lenyewe halithibitishi lolote kati ya hayo. VVU haviambukizwi katika kila tendo la ndoa. Hutegemea mambo kadhaa ya kimaumbile, ambayo ni vema waamini wayafahamu.

1. Wingi wa virusi katika damu

Hili ndilo jambo kuu. Utafiti wa Rakai, Uganda, uliochapishwa mwaka 2000, uliwafuatilia wenzi 415 wenye majibu tofauti. Kadiri virusi vilivyokuwa vingi, ndivyo maambukizi yalivyoongezeka. Vilipokuwa chini ya 1,500 katika mililita moja ya damu, hakuna mwenzi aliyeambukizwa. Virusi huwa vingi mno katika majuma ya kwanza baada ya kuambukizwa, wakati ambapo kipimo cha kawaida chaweza kisivione, na tena ugonjwa unapokomaa bila tiba.

2. Magonjwa mengine ya zinaa

Kaswende, kisonono na malengelenge ya sehemu za siri huchubua utando laini na kukusanya hapo chembe hai zilezile ambazo VVU huzishambulia. Mkoani Mwanza, utafiti uliochapishwa mwaka 1995 ulionesha kwamba kuboresha tiba ya magonjwa hayo vijijini kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40.

3. Maumbile ya mwanamke na ya mwanamume

Utando laini wa mwanamke ni mpana, na shahawa hubaki humo kwa muda. Msichana ambaye mlango wake wa kizazi haujakomaa yumo hatarini zaidi, vivyo hivyo mama mjamzito. Kwa mwanamume, ngozi ya ndani ya govi hupokea virusi kwa urahisi. Majaribio ya Afrika Kusini, Kenya na Uganda yalionesha kwamba tohara humpunguzia mwanamume hatari kwa takriban asilimia 60. Hata hivyo si kinga kamili, wala haimkingi mke wa mwanamume mwenye VVU.

4. Dawa za kufubaza virusi

Mwaka 2011, utafiti uliohusisha nchi kadhaa ulionesha kwamba tiba ya mapema hupunguza maambukizi kwa mwenzi kwa asilimia 96. Leo yafahamika kwamba anayetumia dawa kwa uaminifu, hata virusi visionekane kwenye kipimo cha wingi wake, hamwambukizi mwenzi wake kwa njia ya kujamiiana. Akiacha dawa, virusi huongezeka tena. Kwa hiyo, anayemshawishi mgonjwa aache dawa kwa kuwa ameombewa anahatarisha maisha ya watu wawili. Sala na tiba havipingani.

Wapendwa waamini, VVU vyaweza kukaa mwilini miaka mingi bila dalili, pengine tangu kabla ya ndoa. Aliyetangulia kupima si lazima awe ndiye aliyeleta. Tusihukumiane. Asiye na maambukizi arudie kupima kama anavyoelekezwa, mwenye VVU aanze dawa mapema, na wote wawili walinde uaminifu wao. Milango ya parokia zetu i wazi kwa wanandoa wanaohitaji ushauri.