Ukuaji wa macho na uoni wa mtoto

Uoni wa mtoto hujengwa na jicho na ubongo kwa pamoja, kuanzia wiki za mwanzo za mimba hadi mtoto anapofikia umri wa miaka saba au minane. Jicho hupokea mwanga na kupeleka ishara, na ubongo ndio unaozigeuza ishara hizo kuwa uso wa mama, rangi ya kanga au umbali wa ngazi. Mtoto hazaliwi akijua kuona. Hujifunza, na muda wa kujifunza una mwisho. Ndiyo maana tatizo la macho ambalo kwa mtu mzima lingeweza kusubiri mwaka, kwa mtoto mchanga halisubiri hata miezi.

Macho huanza kuchipuka kutoka kwenye ubongo wa kijusi karibu na wiki ya nne, wakati akina mama wengi hawajajua kuwa ni wajawazito. Retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ni sehemu ya ubongo wenyewe iliyosogea mbele. Mama akiambukizwa rubela katika miezi 3 ya kwanza, virusi huweza kuiharibu lenzi inapoumbwa, na mtoto akazaliwa na mtoto wa jicho, uziwi na kasoro za moyo. Tanzania ilianza kutoa chanjo ya pamoja ya surua na rubela mwaka 2014.

Jicho la mtoto mchanga lina urefu wa takriban milimita 17 kutoka mbele hadi nyuma. La mtu mzima hufikia 24, na sehemu kubwa ya nyongeza hiyo hupatikana katika miaka miwili ya kwanza. Siku za mwanzo mtoto huona kwa ukungu. Kinachomkalia vizuri ni kitu kilicho sentimita 20 hadi 30 mbele yake, umbali unaokaribia ule wa uso wa mama anapomnyonyesha. Kufikia wiki ya sita hadi ya nane anapaswa kumtazama mtu usoni na kurudisha tabasamu. Kufikia mwezi wa tatu, kufuata kwa macho kitu kinachosogezwa. Na kati ya mwezi wa nne na wa sita, kunyoosha mkono na kukishika. Mtoto wa miezi mitatu asiyekazia macho uso wa mama yake aonwe na daktari wa macho, si kuangaliwa nyumbani mwezi mwingine.

Makengeza ya mara moja moja kabla ya mwezi wa nne ni ya kawaida. Yanayodumu muda wote, au yanayoendelea baada ya hapo, ni ugonjwa, na ile kauli ya wazee kwamba yataisha mtoto akikua imewapotezea watoto wengi uoni wa jicho moja. Wapo pia wanaoonekana wana makengeza kwa sababu tu sehemu ya juu ya pua ni pana. Mmulike mtoto kwa tochi ndogo usawa wa uso: nukta ya mwanga ikikaa mahali palepale katika mboni zote mbili, macho yamenyooka.

Kwa nini kuchelewa kunadhuru kiasi hicho? Jibu lilitoka Marekani katika miaka ya 1960. David Hubel na Torsten Wiesel wa Chuo Kikuu cha Harvard walishona kope za jicho moja la paka wachanga, kisha wakazifungua baada ya miezi michache. Jicho lilikuwa zima, lakini paka hawakuona nalo, kwa kuwa seli za ubongo zilizopaswa kulitumikia zilikuwa zimechukuliwa na jicho jingine. Paka wakubwa waliofanyiwa vivyo hivyo hawakupata dhara hilo. Wawili hao walikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1981.

Kwa binadamu hali hiyo huitwa jicho vivu. Huletwa na makengeza, tofauti kubwa ya nguvu za macho mawili, kope iliyolegea au mtoto wa jicho. Mtoto mwenyewe halalamiki, maana hajawahi kuona vinginevyo. Ukiziba kwa kiganja jicho lake zuri atalia na kuusukuma mkono. Ukiziba lile vivu ataendelea kucheza. Tiba huanza na miwani, kisha jicho zuri huzibwa kwa plasta ili ubongo ulazimike kulitumia lile dhaifu. Utafiti wa Marekani umeonyesha kwamba kwa tatizo la wastani, saa 2 kwa siku husaidia sawa na saa 6. Matokeo huwa bora zaidi kabla ya miaka saba.

Upungufu wa vitamini A hupofusha kwa njia nyingine. Mtoto huanza kujikwaa jioni, kisha macho hukauka, na mwishowe konea, utando angavu wa mbele ya jicho, huoza, hasa akipata surua. Alfred Sommer na wenzake walionyesha huko Indonesia, mwaka 1986, kwamba matone ya vitamini hiyo hupunguza pia vifo vya watoto. Siku hizi kliniki hutoa matone hayo kila baada ya miezi sita kuanzia mtoto anapotimiza miezi 6 hadi miaka 5. Nyumbani vitamini hiyo hupatikana kwenye ini, mayai, maembe, matembele, viazi lishe na mawese.

Dalili nzito kuliko zote ni weupe ndani ya mboni. Mhudumu aliye katika chumba chenye giza akitazama macho ya mtoto kupitia kifaa chenye taa, huona mng'ao mwekundu ulio sawa pande zote mbili. Upande mmoja ukiwa mweupe au mweusi, mtoto apelekwe hospitali mara moja. Wazazi wengine huligundua jambo hilo kwenye picha ya simu iliyopigwa kwa mwanga. Huenda ikawa retinoblastoma, saratani inayompata takriban mtoto 1 kati ya 15,000 hadi 20,000, ambayo ikiwahiwa hutibika na ikiachwa huua.

Mara nyingi zaidi weupe huo ni mtoto wa jicho. Ukiwa mzito tangu kuzaliwa na uko jicho moja, upasuaji unatakiwa karibu na wiki ya sita. Macho yote mawili, usipite sana wiki ya nane. Nchini Tanzania upasuaji huo hufanyika katika hospitali za KCMC Moshi, Muhimbili na CCBRT Dar es Salaam, lakini watoto wengi hufikishwa wakiwa na umri wa miaka kadhaa: nauli haipo, ruhusa ya baba haijatoka, au mhudumu amesema wasubiri akue. Wengine tayari macho yao huchezacheza bila kutulia, alama kwamba ubongo ulikosa picha mapema. Hata hao hupasuliwa, kwa kuwa kuona njia na herufi kubwa ni jambo kubwa kwa aliyekuwa gizani. Baada ya upasuaji mtoto huvaa miwani minene iliyofungwa kwa mkanda wa mpira kichwani, na hupimwa upya kila baada ya miezi michache, kwa sababu jicho bado linakua na namba ya miwani hubadilika nalo.