Sarufi ya Amri za Gwaride: Mumias na Kakamega

Mtoto wa shule mjini Kakamega aghalabu huisikia amri ya “mguu pande, mguu sawa” kabla hajaweza kueleza muundo wake. Huitii kwa miguu, basi. Lakini kwa mchunguzi wa lugha, amri hiyo inashangaza kidogo: ni amri isiyo na kitenzi.

Kwata ya kijeshi iliingia sehemu hizi kwa njia ya Mumias, makao ya Nabongo Mumia wa Wanga, ambako misafara ya pwani ilikuwa imekwisha kufikisha Kiswahili na Uislamu kabla ya Waingereza kuweka kituo chao. Mwaka 1895 Waingereza walipopigana na Wabukusu, walikuwa na askari wa Kisudani pamoja na wapiganaji wa Wanga. Miongoni mwa Wasudani waliotumikia Uganda siku hizo walikuwamo masalio ya jeshi la Emin Pasha, waliochukuliwa na Lugard mwaka 1891. Vyeo vyao vilitoka Misri na, nyuma ya Misri, Uturuki. Ombasha kwa asili ni “mkuu wa kumi”. Shaushi naye ni çavuş wa Waturuki. Vyeo hivyo vilirithiwa na King's African Rifles ilipoundwa mwaka 1902, kisha koplo na sajini wakavisukuma kando. Mwaka 1920 makao ya utawala yalihamishwa kutoka Mumias kwenda Kakamega.

Waisukha, Waidakho, Wakabras na wenzao walioandikishwa katika Vita Kuu ya Pili, ambavyo viliwafikisha askari wa Afrika Mashariki hadi Burma mwaka 1944, walikuta kambini Kiswahili cha namna yake kilichoitwa KiKAR. Kilikuwa kimepunguza upatanisho wa ngeli, nao wasanifu wa lugha wamezoea kukidharau. Dharau hiyo imewafanya wengine wadhani kwamba kila kisicho cha kawaida katika lugha ya askari ni uharibifu wa KiKAR.

Tuangalie “kulia geuka”. Katika mazungumzo mtu husema “geuka kulia”, kitenzi kikitangulia. Gwaride limekipeleka kitenzi mwisho. Hapa mtu ataona kivuli cha Kiingereza, na kivuli kipo kweli. Lakini iko sababu ya kikazi pia. Amri ina sehemu mbili: ya kwanza huonya, ya pili hutendesha. Askari akisikia “kulia” hujua aelekee wapi, hungoja, wala hatikisiki. Kama “geuka” ingetangulia, mwenye haraka angekwisha kugeuka kabla hajajua upande. Kati ya maneno hayo mawili pana kimya, na sajini hodari hutambulikana kwa namna anavyokipima kimya hicho.

Kubwa zaidi ni umbo la kitenzi chenyewe. Askari ni thelathini, pengine mia, ilhali amri ni “geuka”, si “geukeni”. Je, ni kosa la KiKAR? Jibu hilo ni jepesi mno. Jeshi la Wananchi wa Tanzania, lililoundwa mwaka 1964 katika nchi isiyo na haja ya kuazima makosa ya Kiswahili kutoka kambi za wakoloni, nalo husema “kulia geuka”. Kiambishi -ni kingeongeza silabi na kuhamisha mkazo, hata mguu usijue utue wapi. Hiyo ni sababu moja. Sababu ya pili ni nzito zaidi. Kiambishi hicho huwahesabu watu: humwambia msikilizaji kwamba wako wengine pamoja naye, kila mmoja na nafsi yake. Kwata hukusudia kinyume cha hayo. Husemesha kikosi kana kwamba ni mwili mmoja wenye miguu mingi, nayo sarufi imetii kabla ya askari.

Askari huyo huyo alipomaliza utumishi akarudi kijijini, alihudhuria baraza la chifu pamoja na jirani zake. Huko aliambiwa, “Kaeni.”