Karatasi Inayokunywa Wino

Fundi wa uchapaji aliniuliza swali fupi: "Mwalimu, tuweke karatasi gani?"

Tulikuwa Maili Moja, Kibaha, katika chumba chenye gilotini moja, kompyuta mbili na rimu za karatasi zilizopangwa hadi karibu na dari. Mkononi nilikuwa na muswada wa kijitabu cha kurasa 32 kuhusu utunzaji wa mikorosho, niliouhariri kwa ajili ya kikundi cha wakulima wa Kisarawe. Nikajibu haraka, "Weka nzito." Akaitikia kwa kichwa, akaandika kwenye daftari lake.

Neno hilo moja lilitugharimu nakala 200. Fundi aliweka karatasi ya gramu 150 ya kung'aa, na hakukosea: nzito niliitaka, nzito nikaipata. Vijitabu vilipotoka vilipendeza macho, ila havikufunga. Unakibonyeza mezani, ukiondoa mkono kinafumuka chenyewe, jalada linanyanyuka kama bawa la kuku anayejianika juani baada ya mvua. Nikajipa moyo kwamba vitatulia vikishatumika.

Huko Kisarawe hawakunificha kitu. Kurasa nne za mwisho tulikuwa tumeziachia mistari mitupu, mkulima aandike mwenyewe tarehe aliyopulizia salfa, idadi ya mikorosho na kilo alizovuna. Mzee mmoja alikaa chini ya mkorosho wake, akatoa kalamu ya bluu mfuko wa shati, akaandika tarehe kwa utulivu wa mtu anayethamini mwandiko wake. Kisha akapitisha kidole gumba. Tarehe yote ikahamia kwenye kidole. Akakiangalia, akaniangalia.

"Mwanangu," akasema, "karatasi hii hainywi wino."

Mama aliyekuwa jirani yake naye akaongeza kwamba hata kusoma ni shida, jua likiipiga karatasi na yenyewe inampiga machoni. Inabidi akigeuzegeuze kijitabu kutafuta kivuli.

Nilirudi Kibaha na sentensi ya yule mzee. Miaka mingi nimefanya kazi na maneno, nimekaa kwenye vikao vya kutafuta istilahi za masomo mbalimbali, na sikumbuki kuona sifa hii ya karatasi ikielezwa kwa uwazi kama huo. Kunywa wino. Wataalamu wangetaka "ufyonzaji", na si neno baya. Linafaa kwenye jedwali la maabara. Lakini mteja aliyesimama mbele ya fundi akisema "nataka inayokunywa wino, watu wataandika kwa kalamu", fundi anajua pale pale mkono wake uende rafu ipi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyakusanya maneno ya karatasi, na mengi nimeyakuta nje ya vitabu. Nianze na lile lililoniponza.

Tunaposema karatasi ni nzito tunachanganya mambo matatu, na kila moja lina jina lake tayari. Kwanza ni uzito wenyewe. Fundi akisema "gramu 80" anamaanisha uzito wa karatasi yenye eneo la meta moja ya mraba. Eneo hilo ndilo la karatasi ya ukubwa wa A0. Likunje nusu mara nne, unapata A4. Kwa hiyo A4 ni sehemu moja ya 16, na A4 moja ya gramu 80 ina uzito wa gramu 5. Rimu ya karatasi 500 ni kilo mbili na nusu, ndiyo maana mtoto anayetumwa dukani kununua rimu mbili hurudi amebadilisha mikono njiani. Kijitabu changu cha kurasa 32 kilimeza A4 nane zilizokunjwa katikati. Kwa gramu 80 ndani yake pangekuwa na gramu 40 tu. Kwa gramu 150 zilikuwa 75, bila jalada. Karibu mara mbili, na zote zinakunjwa kwenye mgongo ule ule wenye pini mbili.

Pili ni unene. Karatasi mbili zinaweza kulingana gramu zisilingane unene, kwa sababu moja imebanwa sana na magurudumu ya kiwandani na nyingine imeachwa na hewa yake. Kilo ya sufi inajaza mto. Kilo ya chumvi inaenea kwenye bakuli. Anayetaka kijitabu kishikike vizuri mkononi bila kulemea mkoba, anachotaka hasa ni unene, na akiomba uzito atapewa kitu kingine.

Tatu ni ukakamavu, na hapa ndipo nilipoumia. Karatasi kakamavu hurudi ilikotoka ukiikunja. Kwa jalada hiyo ni sifa njema. Kwa kurasa za ndani za kijitabu chembamba ni tabu tupu, maana kila karatasi inaisukuma mwenzake, na nane zikisukumana pini hazina la kufanya. Watu wa mtaani husema "karatasi ngumu" wakimaanisha hiyo, na wauza steshenari wanawaelewa bila shida.

Sifa ya nne niliipata kwa wauza vitambaa. Mama akienda kuchagua kitambaa cha gauni hukiinua kwenye mwanga, akasema, "Hiki kinaonesha." Basi. Karatasi nayo huonesha: maandishi ya upande wa pili yanapenya na kuusumbua upande unaosomwa. Gramu 60 nyingi zinaonesha, na ukichapa picha nyeusi nyuma yake msomaji anasoma kivuli cha picha pamoja na sentensi. Siku hizi nikiletewa sampuli naziinua dirishani kama wale akina mama, na fundi wangu sasa naye anasema "hii haioneshi" bila kujua kwamba tumeazima neno kwenye duka la vitambaa.

Wapo watakaosema huku ni kuongea tu, kwamba istilahi ni jambo la kamati. Mimi naiheshimu kazi ya kamati. Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, lipo tangu mwaka 1967 na bila vyombo vya namna hiyo tusingefundisha sayansi ya shule ya msingi kwa Kiswahili. Ila neno "istilahi" lenyewe hueleza lilivyozaliwa. Ni la Kiarabu, na mzizi wake ndio huo huo uliotupa "suluhu" na "maslahi". Istilahi ni mapatano: watu wawili wanaotaka kufanya kazi pamoja wanakubaliana kuita kitu kwa jina moja, ili wasidhulumiane. Mimi na fundi hatukuwa na mapatano. Tulikuwa na neno "nzito", na kila mmoja alilishika kwa upande wake.

Tena wakulima wenyewe wana mfano mzuri kuliko wangu. Ugonjwa unaosumbua mikorosho, ule unaofunika maua na majani machanga kwa vumbi jeupe, kwa Kiswahili unaitwa ubwiriunga. Lisikilize neno hilo. Unga uko ndani yake, na unga ndio unaouona ukisimama chini ya mti. Mkulima ambaye hajawahi kukutana na bwana shamba analitambua tatizo kwa jina lake, na jina hilo hilo limo kwenye mabango ya wataalamu. Kijitabu changu kilitaja ubwiriunga kila baada ya kurasa mbili, na mimi niliyekihariri sikuwa na neno la maana la kumwambia mtu wa karatasi.

Majina tunayoyatumia kila siku kwenye steshenari nayo yana safari ndefu. "Karatasi" tumeipata kwa Waarabu, nao "qirtas" yao ilitoka kwa Wagiriki, waliokuwa na neno la namna hiyo kwa kipande cha mafunjo ya Misri. "Rimu" tumeichukua kwa Waingereza, lakini Waingereza waliipata kupitia Ufaransa na Hispania, na Wahispania waliipata kwa Waarabu, waliokuwa na "rizma", yaani bunda. Neno la Kiarabu limezunguka Ulaya nzima ndipo likatua Kibaha, huku ndugu zake waliokuja kwa jahazi walikwisha kuzoea hali ya hewa ya pwani.

"Manila" ni jina la mji wa Ufilipino. Karatasi hiyo ngumu, ambayo walimu wetu waliibandika ukutani ikiwa na picha ya moyo au ramani ya Tanzania, asili yake ilitengenezwa kwa nyuzi za abaka, mmea wa jamii moja na mgomba. Jina limebaki, nyuzi zimebadilika. "Kaki", tunayoisema kwa bahasha, ni la Kiajemi na maana yake ni rangi ya vumbi. Ukisimama kandokando ya barabara ya vumbi ya Kisarawe wakati wa kiangazi huhitaji kuelezwa zaidi.

Lakini jina lililonishika kuliko yote ni kaolini.

Karatasi ya kung'aa haing'ai kwa sababu ya miti. Miti hutoa nyuzi, na nyuzi peke yake zina mashimo na mabonde. Kiwandani hupakwa tabaka jembamba la madini meupe yaliyosagwa, na moja ya madini hayo, la tangu zamani, ni udongo mweupe wa kaolini. Udongo huo ndio unaojaza mabonde, ndio unaorudisha mwanga, na ndio unaouzuia wino wa kalamu usizame. Jina lake limetoka China, kwenye kilima cha Gaoling karibu na Jingdezhen, mji wa vyombo vya kauri. Maana yake ni kilima kirefu.

Sasa, ukitoka Dar es Salaam kwenda Kisarawe, ukishapita Gongo la Mboto barabara inaanza kupanda vilima vya Pugu. Ndani ya vilima hivyo ipo kaolini, nyingi, inayojulikana na wanajiolojia tangu zama za ukoloni. Mapango yaliyochimbwa kuifuata bado yapo, na popo wamejifanyia makazi humo, wanatoka kwa makundi jioni. Nilipokuwa nimebeba boksi langu la vijitabu vya kung'aa kwenye daladala, nilipita juu ya udongo wa aina ile ile uliomharibia mzee tarehe yake. Wakazi wanauita udongo mweupe tu. Sina ugomvi na kaolini, ni neno la dunia nzima na limeingia kwenye sauti zetu bila kujikwaa. Ila nikimweleza mtu tofauti ya karatasi sasa nasema, "Hii imepakwa udongo, hii haikupakwa." Hajawahi kuniuliza mtu maana yake.

Kuhusu "ukurasa" niseme kwa ufupi, ingawa hasara zake si fupi. Sisi tunausema kwa upande mmoja wa karatasi. Nimekutana na mafundi wanaouhesabu kama karatasi nzima yenye pande mbili, na katika Kiarabu, neno hilo lilikotoka, "kurrasa" ni karatasi kadhaa zilizokusanywa pamoja, au daftari. Kwa kijitabu cha kupigwa pini, karatasi moja ikikunjwa inatoa pande nne, kwa hiyo hesabu lazima igawanyike kwa nne. Mimi sasa naandika kwenye oda: "kurasa 32, yaani A4 nane, kila moja imechapwa pande mbili na kukunjwa." Ni maneno mengi, na bado hayajawahi kunitia hasara.

Chapa ya pili tuliifanya miezi minne baadaye. Ndani tuliweka karatasi ya bondi ya gramu 80, haikupakwa udongo, inakunywa wino na haioneshi sana. Jalada tuliweka manila. Fundi alikunja la kwanza, na manila ikapasuka kwenye mgongo, mstari mzima wa nyufa ndogo kama kisigino cha mtu wa kiangazi. Tukalitazama. Rangi ilikuwa njema, gramu zilikuwa sahihi, na kila neno nililolikusanya lilikuwa mahali pake.

Jirani na chumba kile kuna karakana ya seremala. Alikuwa amekuja kuomba chenji, akaokota jalada lililopasuka, akachana kipande kwa urefu. Kikachanika moja kwa moja kama kilichokatwa kwa wembe. Akachana kingine kwa upana, kikaenda upogoupogo, kikabaki na meno.

"Fundi, mmekunja kwa kukata nyuzi," akasema. "Kunjeni kwa kwenda na nyuzi."

Fundi akaichukua manila mpya, akaigeuza robo mzunguko kabla ya kuikata, akakunja. Mgongo ukalala laini. Mimi nilikuwa natafuta kalamu.

"Rudia, kaka," nikamwambia seremala. "Kwenda na nyuzi, na nini?"

"Na kukata nyuzi," akasema, akachukua chenji yake.