UZI: Nyumba za serikali ni ukomunisti? Kabla hujajibu, pitia Michenzani

1/ Kila mwisho wa mwezi makato ya nyumba yakionekana kwenye pesilipu, vita huanza humu. Kambi moja: "Huu ni ukomunisti!" Kambi ya pili: "Wakomunisti ndio walimaliza shida ya nyumba, tungewaiga mapema." Sasa, kuna nchi ndogo ya kikomunisti ya Ulaya iliyokuja hadi pwani yetu kujenga fleti. Tuiangalie. Uzi huu hautaji mwanasiasa wala chama, wa huku au wa kule.

2/ Nchi yenyewe ni Ujerumani Mashariki. Ilizaliwa Oktoba 1949, ikafa Oktoba 1990. Eneo lake lilikuwa kama kilomita za mraba 108,000, haifiki hata robo ya Kenya, na watu milioni 17 hivi. Nishati yake ilitegemea makaa ya kahawia, yale ya moshi mwingi. Na baada ya vita, Wasovieti waling'oa viwanda vyake vingi na hata reli, wakabeba kama fidia.

3/ Utawala: chama kimoja ndicho kilishika usukani. Vingine vilikuwepo, lakini siku ya kura ulipewa orodha moja tu. Watu zaidi ya milioni 2.5 walihamia Magharibi kabla ya ukuta wa Berlin kujengwa Agosti 1961. Kufikia 1989, polisi wa siri walikuwa na waajiriwa wapatao 91,000. Kwa hiyo hata kulalamika kwamba paa linavuja, ulichagua maneno.

4/ Uchumi: serikali ilipanga kiwandani nini kitengenezwe, kiasi gani, kwa bei gani. Gari dogo la Trabant ulilisubiri miaka zaidi ya kumi. Nyumba nazo ziligawiwa na ofisi ya mji au mahali pa kazi, na foleni ilikuwa ndefu.

5/ Lakini tuwe wakweli: walijenga. Kuanzia miaka ya 1970 waliahidi kumaliza shida ya nyumba kufikia 1990. Kuta zilimwagwa saruji kiwandani, zikaletwa kwa lori na kupangwa kwa kreni. Familia nyingi zilipata maji moto na choo cha ndani kwa mara ya kwanza. Kodi ilikuwa ya chini mno.

6/ Shida ilikuwa hapo hapo kwenye kodi. Ilikuwa ndogo hivi kwamba haikulipia hata marekebisho. Pesa nyingi zikaenda kwa majengo mapya, na mitaa ya zamani ikaachwa ioze, paa baada ya paa. Serikali ilihesabu nyumba zilizojengwa. Zile zilizokuwa zikibomoka hazikuingia kwenye hotuba.

7/ Sasa tuvuke bahari. Mapinduzi ya Zanzibar yalitokea tarehe 12 Januari 1964. Zanzibar ikawa nchi ya kwanza Afrika kuitambua Ujerumani Mashariki. Kwa Berlin hiyo ilikuwa zawadi kubwa, kwa sababu Ujerumani Magharibi ilitishia kuvunja uhusiano na yeyote atakayewatambua hao ndugu zake. Shukrani ikaja kwa njia ya walimu, madaktari, wahandisi na fleti za Kikwajuni.

8/ Halafu ikaja Michenzani. Mwaka 1968 mtaalamu wa Ujerumani Mashariki alichora mpango mpya wa mji. Ng'ambo, upande wa pili kutoka Mji Mkongwe, ambako watu wa kipato cha chini waliishi, ingebomolewa na kupangwa upya kwa maghorofa. Barabara mbili pana zikakatwa zikapishana, na kando yake yakasimama majengo marefu kama mabehewa ya treni. Hadi leo ukishuka Unguja mjini huwezi kuyakosa.

9/ Waliobomolewa walipewa fleti bila kulipa kodi. Kwa mtu aliyelala chini ya paa la makuti, hilo si jambo dogo, na tusilidharau tukiwa tumekaa kwenye bedsita zetu za Ngara. Lakini nyumba ya Ng'ambo ilikuwa na baraza mbele, ua nyuma, na chumba cha kupangisha. Ghorofa ya tano haina baraza. Na maji kufika juu ikawa kilio cha miaka mingi.

10/ Swali la maana: nani alilipa? Wengi hudhani ni Wajerumani. Walichora, wakafundisha, wakasaidia kuanza. Lakini mzigo mkubwa wa Michenzani ulibebwa na Zanzibar yenyewe: kazi za kujitolea (ambazo kuzikataa haikuwa rahisi) na karafuu.

11/ Karafuu ilifanya kazi hivi: mkulima aliruhusiwa kuuzia serikali peke yake, kwa bei ya chini iliyopangwa. Serikali ikauza nje kwa bei ya dunia. Tofauti iliyobaki ndiyo iliyojenga. Hiyo ni kodi, jamani, hata kama haina jina hilo. Ndiyo maana karafuu ilivushwa kimagendo usiku hadi pwani ya Kenya.

12/ Na sehemu kubwa ya karafuu ilitoka Pemba. Pemba nayo ilijengewa fleti, kama za Wete na Chake Chake, lakini majengo makubwa yakasimama Unguja mjini. Kinyongo hicho hakijaisha. Bei ya karafuu iliposhuka miaka ya 1980, Indonesia ikijitosheleza kwa yake, mfuko ukakauka. Mpango wa 1968 ulibaki sehemu kubwa kwenye karatasi.

13/ Turudi nyumbani. Ngara yenyewe ilipangwa na serikali ya kikoloni kwa rangi ya ngozi: Wahindi huku, Waafrika kina Pumwani na Kaloleni, Wazungu Magharibi mwa mji. Hakuna aliyeuita ule mpango ukomunisti. Leo kuna fleti 1,370 za Park Road, zilizojengwa na mkandarasi na kuuzwa kwa watu waliojisajili na kuweka akiba.

14/ Kwa hiyo, ni ukomunisti? La. Kwa wakomunisti nyumba uligawiwa. Hapa unauziwa, na benki ipo, na mwenye ploti yako bado ni yule yule. Asilimia 1.5 ya mshahara wako, na mwajiri naye 1.5, ni kodi ya kawaida ya nchi yenye soko huria. Unaweza kuipinga vikali bila kumsumbua Karl Marx.

15/ Wanaosema "tuige" nao wajibu. Berlin ilisahau marekebisho. Zanzibar ilimtoza mkulima aliyekuwa mbali na fleti. Je, karani wa Lodwar anayekatwa kila mwezi ataiona nyumba lini? Nani anaamua jina lipi lipite? Lifti ikiharibika mwaka wa kumi, pesa zitatoka wapi?

16/ Tofauti moja kubwa: Zanzibar ilitawaliwa na Baraza la Mapinduzi, na Baraza la Wawakilishi lilikuja 1980 tu, fleti zikiwa zimeshasimama. Mkulima hakuwa na pa kuuliza. Hapa, Novemba 2023 Mahakama Kuu ilisema makato yamekiuka Katiba, na Machi 2024 ikabidi sheria mpya ipitishwe. Unaweza kuipenda sheria hiyo au kuichukia, lakini mlango wa kuuliza upo. Kuutumia kupigia kelele neno "ukomunisti" ni kuupoteza.

17/ Mwenye fleti Park Road, au mwenye ndugu Michenzani, tuambie hapo chini: maji yanafika juu? Nani anarekebisha? Matusi tutayaruka.