Kauli Iliyokataliwa Kaze, 1858

Katika kazi ijengwayo na wengi, si kila mchango hupokewa. Watungaji wa programu huria siku hizi hukataa michango kila siku, ila ada njema kwao ni kwamba mwenye kukataa huandika sababu, ili mwenye mchango apate kuusahihisha. Ramani ya bara letu nayo ilikuwa kazi ya namna hiyo, na huko Kaze, katika Unyanyembe, mahali palipo Tabora ya leo, kauli moja ilikataliwa kwa njia nyingine.

Burton na Speke walifika Kaze kutoka pwani mwezi wa Novemba 1857. Snay bin Amir, mfanyabiashara wa Kiarabu, akawaarifu kwamba ziwa moja lililochorwa na wamisionari lilikuwa kwa kweli maziwa matatu, na lile la kaskazini lilishinda Tanganyika kwa ukubwa. Julai 1858 Speke akaliendea, Burton akabaki. Tarehe 25 Agosti akarudi akishikilia kwamba chimbuko la Naili ni hilo.

Burton hakulikana ziwa. Alilolikana ni hitimisho. Hoja yake kubwa ilihusu lugha. Speke, asiyejua Kiarabu, aliuliza kwa Kihindustani. Mubarak Bombay, Myao aliyepelekwa India utumwani, akageuza kwa Kiswahili. Mtu wa tatu akageuza kwa lugha ya wenyeji. Na jibu likarejea kwa ngazi zile zile. Hoja hii ni nzito, na mwanaisimu hana budi kuikubali. Lakini hoja ya namna hiyo hutaka swali liulizwe upya, na Kaze palijaa wafanyabiashara na wapagazi wa lugha nyingi. Wale wawili walikaa hapo mwezi mzima, wakaona heri jambo lenyewe lisitajwe tena. Burton aliieleza hoja yake kwa urefu kitabuni mwaka wa 1860, wakati urafiki umekwisha kufa.

Speke naye alikuwa amekaa ufukweni siku tatu tu, na mto utokao ziwani hakuuona hadi tarehe 28 Julai 1862. Hata hapo hakuufuata wote, wapinzani wakapata pa kushika. Alikufa kwa bunduki yake mwenyewe tarehe 15 Septemba 1864, siku moja kabla ya mjadala uliotangazwa huko Bath. Stanley alilizunguka ziwa mwaka wa 1875, akakuta ni moja.

Snay bin Amir hakuyasikia hayo. Aliuawa mwaka wa 1861, katika vita vya Waarabu na Manwa Sera.