Kioo Ndani ya Kamera

Filamu ya kupigia picha, na kabla yake bamba lililopakwa dawa, haitaki kuona mwanga kabla ya wakati wake. Ikiuona mara moja tu, japo kwa kufumba na kufumbua, kazi yake imekwisha. Basi tangu Daguerre alipotangaza ufundi wake huko Paris mwaka 1839, wapiga picha walikabiliwa na swali gumu: mtu ataonaje kile kinachoonwa na lenzi, ilhali filamu imefichwa gizani nyuma ya lenzi hiyo hiyo? Wazee wa kazi walijifunika kitambaa cheusi, wakatazama picha iliyosimama miguu juu kichwa chini kwenye kipande cha kioo chenye ukungu, kisha wakakiondoa na kupachika bamba la dawa mahali pake. Muda wote huo anayepigwa picha alitakiwa atulie tuli. Mtoto akitikisika, hasara.

Mwaka 1861 Mwingereza Thomas Sutton alipata hataza ya kamera yenye kioo ndani yake. Kiswahili chetu hakitofautishi kioo cha dirishani na kioo cha kujitazamia, kwa hiyo naomba msomaji akubali kwamba kuanzia hapa nikisema kioo nina maana ya hicho cha pili. Kioo cha Sutton kiliwekwa kwa mshazari nyuma ya lenzi, kikaupokea mwanga na kuurusha juu, mahali ambapo mpiga picha aliweza kuutazama. Wakati wa kupiga ukifika, kioo huondolewa njiani, na mwanga huenda moja kwa moja hadi kwenye bamba. Lenzi moja, kazi mbili, na katikati yake mlinzi wa mlango.

Siku hizi kijana anayetaka kujifunza kupiga picha akiingia dukani huulizwa kama anataka DSLR au mirolesi. Herufi zile nne ni jina la kamera ya kidijitali yenye kioo cha namna ya Sutton. Mirolesi ni ile isiyo nacho. Wengi hulijibu swali hilo kwa kutazama bei, au kwa kumsikiliza muuzaji. Mimi naona halijibiki vizuri mpaka mtu ajue kioo kile kiliwekwa mle ndani kufanya kazi gani, na ni kiasi gani cha kazi hiyo kimebaki.

Kioo hakikushinda upesi. Mwaka 1925 Wajerumani walianza kuuza Leica, kamera ndogo iliyobuniwa na Oskar Barnack, iliyotumia filamu ya sinema ya milimita 35. Haikuwa na kioo. Mpiga picha alichungulia kwenye kidirisha kilichokuwa pembeni ya lenzi, na kwa vitu vya mbali hilo halikumdhuru. Kwa vitu vya karibu, kidirisha kiliona jambo moja na lenzi ikaona jingine. Mwaka 1936 kiwanda kimoja cha Dresden kikatoa Kine Exakta, kamera ya filamu hiyo hiyo ya milimita 35 lakini yenye kioo. Ungedhani watu wangeikimbilia. Lakini ilikubidi uinamishe kichwa na kuitazama kamera kifuani, na mambo yote yalionekana yamegeuka: mtoto akikimbilia kulia, wewe unamwona anakwenda kushoto. Tena ukishabonyeza, kioo kilibaki juu na giza likatanda hadi uvute filamu kwa ajili ya picha inayofuata.

Kasoro hizo ziliondolewa moja baada ya nyingine. Mwaka 1949 Contax S, ya Dresden vilevile, ilikuja na prizimu iliyomwezesha mtu kuinua kamera usawa wa jicho na kuona kulia kuwa kulia. Mwaka 1954 Wajapani wa kampuni ya Asahi wakatoa Asahiflex ambayo kioo chake kilirudi chenyewe mara tu baada ya picha. Nikon F ilipotoka mwaka 1959 ikiwa na hayo yote pamoja, waandishi wa habari wa dunia nzima wakaanza kuhamia upande wa kioo. Kati ya Exakta na Nikon F ni miaka 23. Nawaomba wasomaji wautie akilini muda huo, kwa maana historia imejirudia mbele ya macho yetu na vijana wetu hawana habari.

Chuoni kwetu, mwanzoni mwa miaka ya 1970, klabu ya picha ilikuwa na Zenit E moja, kamera ya Kirusi nzito kama tofali. Haikuwa na betri hata moja. Kipimo chake cha mwanga kilijiendesha kwa mwanga wenyewe. Kioo chake kilipiga kelele kiasi kwamba ukibonyeza ndani ya ukumbi wa mtihani, darasa zima liligeuka. Filamu ilikuwa na picha 36, na kila filamu iliombwa kwa mhasibu kwa barua. Kwa hiyo tulijifunza kuhesabu mwanga kwanza na kubonyeza baadaye, na matokeo tuliyajua siku kadhaa mbele, katika chumba cha giza, baada ya kusafisha. Sisemi kwamba ndiyo njia bora ya kufundisha. Nasema ndiyo tuliyokuwa nayo.

Mwaka 1975 Steven Sasson, mhandisi kijana wa Kodak huko Marekani, aliunganisha kamera isiyo na filamu kabisa. Picha yake ilikuwa na nukta 10,000 tu, na ilichukua sekunde 23 kuandikwa kwenye kaseti. Mahali pa filamu palikuwa na kipande cha kielektroni kinachoupokea mwanga, ambacho mafundi wanakiita sensa (si ile ya kuhesabu watu). Mwaka 1991 Kodak iliuza kamera ya kidijitali iliyojengwa juu ya Nikon F3. Mwaka 1999 ikaja Nikon D1, na mwaka 2003 Canon EOS 300D, ambayo kule Marekani iliuzwa chini ya dola 1,000, na watu wa kawaida wakaanza kuzimudu kamera za namna hiyo.

Hapa ndipo penye jambo la kufikiri. Sensa haiharibiki kwa kuona mwanga. Inaweza kutazama kutwa nzima na kukuonyesha inachokiona kwenye skrini. Swali lililomsumbua Sutton, basi, lilikuwa limekwisha kufa. Mbona kioo kilibaki? Mazoea yana sehemu yake, lakini si yote. Skrini za wakati ule zilikuwa nzito wa kufuata mwendo na duni wa kuonyesha. Tena kioo kilikuwa kimepata kazi ya pili: tangu Minolta 7000 ya mwaka 1985, kamera nyingi zilifokasi zenyewe kwa kutumia vipimo vilivyowekwa chini, ambavyo hupata mwanga kupitia kwenye kioo. Ukikiondoa, kamera inapoteza macho yake ya haraka. Mlinzi alikuwa amepewa pia kazi ya ukarani, na hakuna aliyekuwa tayari kumstaafisha.

Mwaka 2008 Panasonic ilimstaafisha. Kamera yake ya Lumix G1 ilibadilisha lenzi kama nyingine, lakini ilikuwa na kiskrini kidogo cha kuchungulia badala ya kioo na prizimu. Wengi wa wenye kazi zao waliipuuza, na kwa siku zile hawakukosa sababu, kwani gizani kiskrini chake kilijaa chenga na vitu vinavyokimbia viliishinda. Mwaka 2012 viwanda bado vilipeleka sokoni kamera za kioo yapata milioni 16. Mwaka uliofuata Sony ikatoa A7, yenye sensa kubwa sawa na filamu ya zamani. Mwaka 2018 Nikon na Canon nao wakatoa zao zenye sensa ya ukubwa huo, kila mmoja na mdomo mpya wa lenzi. Na mwaka 2020, kwa takwimu za chama cha watengenezaji wa kamera wa Japani, zisizo na kioo zilizipita zenye kioo. Kutoka 2008 hadi 2020 ni miaka 12. Safari hii hawakuchukua 23.

Sasa niseme habari ya mwalimu mmoja wa shule ya msingi, niliyemfundisha chuoni, ambaye sitamtaja jina. Shuleni kwake alifariki mwanafunzi wa darasa la sita. Wazazi walipotafuta picha ya kuweka msibani, ilipatikana moja tu, ya simu, binti akiwa mstari wa nyuma katika kundi la watoto. Wakamkata kutoka kwenye kundi, wakamkuza, na uso ukawa mabaka. Mwalimu huyo akaapa kwamba kila mtoto wa shule ile atapigwa picha yake peke yake kila mwaka. Zamu yake ya upatu ilipofika, akaja kwangu. “Shikamoo Mwalimu. Fedha ni hii, na haitarudi tena. Ninunue ipi?”

Nilimweleza kwanza kwamba simu yake nayo ni kamera isiyo na kioo. Kosa la picha ile lilikuwa udogo wa sensa na umbali wa lenzi. Kisha tukaweka mbili mezani: Nikon D3500 ya mwaka 2018, yenye kioo, na Nikon Z50 ya mwaka 2019, isiyo nacho. Sensa zao zina ukubwa ule ule, takriban milimita 23.5 kwa 15.6. Ukikuza picha nzuri ya hii na ya ile na kuzitundika ukutani, sidhani kama yupo mzazi atakayezitofautisha.

Husemwa kwamba zisizo na kioo ni nyepesi. Kwa jumla kuna ukweli, maana katika kamera za kioo za Nikon lenzi hukaa milimita 46.5 mbele ya sensa ili kioo kipate nafasi ya kucheza, na katika hizi mpya ni milimita 16 tu. Lakini D3500 bila betri ina gramu 365 na Z50 ina gramu 395. Aliyeuziwa wepesi na apime kwanza. Betri ndiyo tofauti kubwa. Kwa kipimo kile kile cha viwanda, D3500 hupiga picha 1,550 kwa chaji moja na Z50 hupiga kama 300, kwa sababu isiyo na kioo huiweka macho sensa na skrini yake hata wakati unapotafakari tu. Kwa shule ambayo umeme huja na kuondoka, hilo si jambo dogo.

Upande wa pili nao una haki yake. Kamera isiyo na kioo inaweza kupiga bila mlio wowote, ikafaa msikitini, kanisani na msibani. Kwa picha za video hufokasi vizuri zaidi. Na kwa anayejifunza ina fadhila ambayo sisi wa Zenit tusingeiota: kabla hujabonyeza unaiona picha itakavyokuwa, nyeusi mno au nyeupe mno. Ningekuwa bado nafundisha na chuo kina fedha, hiyo ndiyo ningewapa wanafunzi. Wako wanaosema kioo humfanya mtu ajifunze kwa bidii zaidi. Hiyo ni sifa ya shida tu, na shida sijawahi kuiona ikifundisha vizuri kuliko mwalimu.

Hata hivyo mwalimu wangu hakuhitaji video wala ukimya. Alihitaji nyuso za watoto, mchana, kivulini chini ya mwembe, mamia yao kwa siku moja. Na kwa kuwa dunia imezihama kamera za kioo, zilizotumika huuzwa kwa bei nafuu, pamoja na lenzi zake ambazo Nikon ilitengeneza kwa mdomo ule ule tangu 1959. D3500 yenyewe haitengenezwi tena. Nilimwambia wazi: mwanangu, unanunua kitu ambacho hakitakua, kitabaki vilevile kilivyo mpaka kife. Akasema hata yeye hahitaji kikue. Alichukua D3500 iliyotumika na lenzi ya milimita 35 inayofungua hadi 1.8, na chenji ikatosha betri ya pili na memori kadi mbili. Mwenzake wa mjini, anayerekodi harusi, alichukua Z50, naye nadhani alifanya sawasawa kwa kazi yake.

Kwa atakayefuata njia ya mitumba, niongeze machache. Lenzi za zamani sana zitakaa kwenye D3500 lakini nyingi hazitafokasi zenyewe, kwa kuwa mota ya kuzizungusha haimo ndani ya kamera hiyo. Ulizia kamera imekwisha kupiga picha ngapi. Hesabu hiyo hufichwa ndani ya faili la picha yenyewe na fundi anaweza kuisoma. Zaidi ya yote toa lenzi, ielekeze kwenye mwanga mkali na uchungulie ndani. Lenzi iliyokaa Tanga au Dar es Salaam kabatini bila kutumiwa hushikwa na ukungu unaotambaa kama utando wa buibui, na ukishakula mng’aro wa kioo hautoki kwa kitambaa. Sanduku la plastiki lenye mfuniko wa kubana na vijifuko vya silika hutosha kuuzuia, mradi vijifuko hivyo vikaushwe au vibadilishwe mara kwa mara.