Neno la Wiki: Tarajali

Mama mmoja wa Bukundi, akirejea kutoka Bariadi alikolazwa mwanawe, aliniambia kwa wasiwasi: "Katibiwa na daktari wa fildi." Nikamuuliza, chuo amemaliza? "Amemaliza, ila anasubiri mwaka uishe." Basi mama, huyo si wa fildi. Ni daktari tarajali.

Fildi huenda mwanafunzi, mitihani ikiwa bado iko mbele yake. Tarajali amekwishahitimu udaktari. Baraza la Madaktari Tanganyika limempa usajili wa muda, naye kwa mwaka 1 anazunguka wodi: magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, uzazi. Yuko chini ya usimamizi, ndiyo, lakini anapima, anaandika dawa, anakesha zamu. Mwaka wenyewe ndio utarajali. Lisikilize neno: taraji inasikika humo ndani, kitu kilicho njiani kufika. Ndiyo maana silipendi kabisa "daktari wa majaribio". Linamtisha mgonjwa bure, kana kwamba anayejaribiwa ni yeye. Mwanagenzi nalo mwachie kijana anayeanza kushika randa kwa seremala. Wakiwa wengi, sema madaktari tarajali, au watarajali.